Kipete cha Shaba Chini ya Gari la Bi Shekha

Ijumaa, tarehe 8 Novemba 2024. Mvua ya vuli ilinyesha Mambrui tangu alfajiri hadi saa moja kasorobo, ikakatika ghafla, na jua likatoka kali kana kwamba halikuwa na habari ya mvua. Upepo ulikuwa mdogo. Mchanga wa uani ulikuwa umelowa, ila chini ya banda la makuti ambapo Bi Shekha Abdalla huegesha gari palikuwa pakavu, na kile kipande cha boksi alichokitandika jana yake chini ya injini kilikuwa na doa jeusi la oili, upana wake kama kisahani cha kahawa.

Bi Shekha alichuchumaa akalitazama doa lile. Wiki iliyotangulia lilikuwa la upana wa kidole gumba.

Ana miaka arubaini na tisa na ni mpishi wa harusi. Kwetu, sufuria kubwa za harusini ni kazi ya wanaume. Wanawake huitwa kukata vitunguu, kuchambua mchele na kuosha vyombo. Yeye mwenyewe alikata vitunguu kwa miaka kumi na mmoja nyuma ya wapishi wa Malindi, akipanda gari lao na kushuka walipotaka wao. Alipofiwa na mumewe, miaka sita iliyopita, aliachiwa stesheni wagoni nyeupe iliyokuwa ikibeba samaki. Aliiosha kwa ndimu na majivu siku nne mfululizo mpaka harufu ikatoka, akang'oa viti vya nyuma, akapakia sufuria zake nne. Tangu hapo hafuati nyuma ya mtu. Akiitwa Malindi au Watamu au Kilifi, huenda na vyombo vyake na kupika kwa amri yake. Bila gari lile angerudi kwenye vitunguu. Sisi majirani tulilijua hilo, na yeye alilijua kuliko sote.

Uvujaji ulianza mwezi wa tisa, baada ya gari kubadilishwa oili. Chini ya injini kuna boliti moja ambayo hufunguliwa ili oili chafu imwagike, kisha hufungwa tena. Boliti ile ikawa haizibi. Fundi Ngumbao, mwenye gereji yake kwenye njia panda, aliikaza. Baada ya siku kumi palilowa tena. Akaikaza kwa nguvu zaidi. Mara ya tatu alichomeka kipande cha bomba kwenye mpini wa spana ili upate urefu, akaning'inia kwa uzito wake wote, akasema sasa hata jini halitoki. Wiki mbili kabla ya Ijumaa ile, Bi Shekha akiwa njiani kwenda harusini, taa nyekundu ya oili ikawaka kwenye daraja la Sabaki. Alizima gari hapo hapo na kushuka. Meko ya harusi yale yaliwashwa saa mbili baada ya wakati wake, na habari ikamfikia mdogo wake, Swafwan, dukani kwake Malindi, kabla pilau haijaiva.

Ijumaa hiyo Swafwan alifika saa tano asubuhi. Ana miaka arubaini na sita, kanzu yake huwa imenyooka hata siku ya mvua, na anamheshimu dada yake kwa maneno hata pale anapotaka kumwamuru.

"Shikamoo, Da Shekha."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula. Hilo doa limekua."

"Nimeliona kabla yako."

Swafwan alizunguka gari mara moja, mikono nyuma. "Dada, mimi sikutakii mabaya. Lakini juzi ulisimama darajani na masufuria kama mtu aliyefukuzwa nyumba. Nina mtu wa Ganze, analitaka gari hili na hali yake anaijua. Yuko tayari kulichukua kesho. Kesho wewe una harusi ya kina Bi Fahima, watu mia tatu. Nitakukodia pikapu, uende kwa raha zako."

"Na Jumamosi ya pili?"

"Jumamosi ya pili Mungu ataleta."

"Mungu ataleta pikapu?"

"Astaghfirullah, Da Shekha! Nasema wapishi wa mjini watakuchukua. Wanakujua."

"Wananijua na kisu cha vitunguu mkononi."

Bi Shekha alikivuta kile kipande cha boksi, akakikunja mara mbili, akakitupa kwenye pipa. Kisha akasema polepole, kama anayeagiza viungo: "Sikiliza. Leo gari hili nitalitengeneza. Jioni nitatandika boksi jipya. Kesho ukitoka msikitini alfajiri, pita hapa. Ukikuta tone, ufunguo ni wako na huyo mtu wako wa Ganze aje."

"Tone moja?"

"Moja."

"Na usije ukalipangusa usiku."

"Swafwan, kutawadha nilikufundisha mimi. Leo utanifundisha uaminifu?"

Swafwan alicheka bila kupenda, akaondoka kuwahi sala ya Ijumaa.

Bi Shekha alikuwa ameshajaribu dawa yake mwenyewe, na aliijua aibu yake. Jumatano alikanda unga wa ngano kwa maji na ute wa yai, donge gumu kama lile analobandika kuzunguka kifuniko cha sufuria ya biriani ili mvuke usitoke. Alilala chini ya gari akalibandika donge hilo kuzunguka boliti, akalisawazisha kwa kidole. Aliendesha mpaka sokoni na kurudi. Moto wa injini ukaukausha unga, ukawa mgumu kama kigae, na jioni ile hapakudondoka kitu. Alilala na furaha. Asubuhi alikuta unga umebanduka wote kwa mpigo, umelowa oili, na paka wa jirani anauburura kuelekea uani kwao.

Fundi Ngumbao alikuja saa saba na nusu, na mkoba wa spana begani. Ni Mgiriama wa upande wa Marafa, umri wa miaka thelathini na minane, hodari wa kazi na hodari wa mzaha. Habari ya unga alikuwa nayo.

"Shikamoo, Bi Shekha. Nimekuja na chai. Nasikia hapa kuna chapati za oili."

"Marahaba. Zimekwisha, paka amekula. Leta spana namba kumi na nne."

"Nilete niikaze?"

"Ulete nifungue. Kukaza umekaza mara tatu. Nikipika wali mara tatu ukanigomea, siongezi moto, nafunua sufuria."

Alikuwa amevaa suruali ya marehemu mumewe, leso ameifunga kiunoni juu yake. Magurudumu ya mbele ameyapandisha juu ya mbao mbili nene, na nyuma ya magurudumu mengine ameweka mawe ya kuchonga ili gari lisirudi. Ngumbao aliyapiga teke mawe yale, moja moja, akaridhika. Akataka kuingia chini yeye.

"Hapana," alisema Bi Shekha. "Wewe niambie tu nikikosea."

Boliti ilikataa kwa muda, kwa sababu ya lile bomba, kisha ikalegea kwa kishindo. Oili ilimwagikia kwenye karai. Ilikuwa bado safi, ya mwezi na siku chache, kwa hiyo aliichuja kwa kitambaa cha kuchujia tui ili irudi kwenye injini. Kitambaa hicho hakikurudi jikoni tena.

Aliifuta boliti kwa kanga kuukuu, akaitazama juani. Shingoni mwake palikuwa na kipete chembamba cha bati laini, ambacho mafundi hukiita washa; kazi yake ni kujaza nafasi kati ya kichwa cha boliti na bakuli la chuma linalobeba oili. Kilikuwa kimebonyea upande mmoja tu.

"Hiki nilikiweka mimi kikiwa kipya," alisema Ngumbao.

"Na cha zamani ulikitoa?"

"Hapakuwa na cha zamani."

Bi Shekha alirudi chini. Hakutazama, macho yangeona weusi mtupu. Alipitisha ukucha kuzunguka tundu la boliti, taratibu, kama anavyoupitisha upawa chini ya sufuria kutafuta wali ulioshika. Robo tatu ya mzunguko ukucha uliteleza. Kisha ukakwama kwenye ukingo mdogo, mwembamba kuliko karatasi ya boksi.

"Ngumbao."

"Naam."

"Kuna ukoko."

"Kuna nini?"

"Ukoko. Kuna kitu kimegandia huku, na juu yake ndiko ulikokuwa ukikaza."

Alikibandua kwa ncha ya kisu, polepole, asije akachubua chuma. Kilitoka vipande viwili: kipete cha zamani, cheusi, kimesagika mpaka kikafanana na chuma chenyewe. Tangu mwezi wa tisa boliti ilikuwa ikikazwa juu ya vipete viwili, kimoja kikiwa kimepinda, na kadiri ilivyokazwa ndivyo kile cha juu kilivyozidi kwenda upande.

Ngumbao aliviweka vile vipande kiganjani, akavigeuza, akavigeuza tena. Mzaha ulikuwa umemtoka. "Bi Shekha, hili ni kosa langu. Nilipitisha kitambaa tu, sikupitisha kidole."

"Kosa umeliona. Sasa nipe kipete kipya."

Hapo ndipo penye shida. Ngumbao alikuwa na kopo zima la vipete, vyote vimeshatumika, na kilichokaribia ukubwa kilikuwa kimepasuka. Alipiga simu duka la vipuri Malindi. Wakamwambia saizi hiyo imekwisha, mpaka Jumatatu. Akapiga la pili, halikupokea.

"Tukirudishe hiki kilichobonyea," alisema, "nikikaze vizuri, kitafika Jumatatu."

"Kinatakiwa kifike kesho alfajiri bila tone. Kitafika?"

Ngumbao alifikiri. "Wallahi sijui." Yeye si Mwislamu, lakini amekaa Mambrui muda mrefu.

Bi Shekha alisimama akajipangusa magoti. Baba yake, Mzee Abdalla, alikuwa mfua shaba. Alitengeneza na kuziba sufuria za watu mpaka alipokufa. Stoo ya nyumba bado ina mkasi wake wa kukatia bati, nyundo ya mbao, tupa mbili na sufuria moja ya shaba iliyotoboka tako. Bi Shekha aliikata sufuria hiyo kwenye ubavu, mahali ambapo shaba ilikuwa na unene wa kutosha. Aliweka boliti juu ya kipande, akaizungushia msumari kuchora duara la ndani, akatumia sarafu kuchora la nje. Tundu alilianza kwa msumari na nyundo, akalipanua kwa tupa ya mviringo, akipima na boliti kila baada ya mikwaruzo michache. Kipande kilikuwa na mviringo wa sufuria, kwa hiyo alikipigapiga juu ya chuma cha babake cha kufulia shaba mpaka kikalala sawa. Kazi hiyo ilimchukua saa moja na dakika ishirini. Ngumbao alikaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi akimtazama, mara mbili akatoa shauri, na mara zote mbili shauri lilikuwa zuri, likafuatwa.

Saa kumi na nusu kipete kilivaa kwenye boliti bila kucheza. Wakafunga, wakarudisha oili, wakapima kwa kijiti. Bi Shekha aliendesha mpaka Gongoni na kurudi ili injini ipate moto kamili, akaegesha, akatandika karatasi nyeupe. Wote wawili wakalala kifudifudi kutazama.

Boliti iling'aa. Kisha chini yake pakaanza kujikusanya kitu, kikanenepa, kikaning'inia.

"Usianguke," alisema Ngumbao kwa sauti ndogo.

Likaanguka.

Bi Shekha alihesabu. Alifika mia na kumi, la pili likaanguka.

"Limepungua," alisema Ngumbao. "Ulisema jana lilikuwa kila ukihesabu thelathini. Sasa niachie bomba. Mara moja tu, Bi Shekha, niikaze ikae."

Alikuwa ameshalitoa bomba mkobani. Jua lilikuwa linaelekea Marafa, na adhana ya magharibi haikuwa mbali. Bi Shekha alilitazama lile bomba kwa muda. Mtu akichoka, bomba ni jambo jepesi sana.

"Ukikaza na hesi, mikato hii inayoishika boliti, zikachubuka, je?"

"Zikichubuka, basi."

"Basi ndiyo nini?"

"Basi bakuli lote libadilishwe."

"Weka bomba chini."

Aliifungua boliti upya, oili ikamwagika tena kwenye karai, akakitoa kile kipete cha shaba na kukibana kati ya vidole viwili. Alijaribu kukipinda. Hakikupinda. Alichukua mabaki ya sufuria, sehemu ambayo haikupigwa nyundo, akaijaribu; ilikubali kidogo. Akavilinganisha tena, akacheka peke yake, kicheko cha mtu aliyesahau jina lake.

"Nimeipiga mno," alisema. "Nimeipiga ikawa kali."

"Shaba inakuwa kali?"

"Ukiipiga, inakakamaa. Baba kila baada ya kuipiga aliirudisha motoni. Mimi ndiye niliyekuwa nikivukuta, miaka mitatu kila jioni, na leo nimeipiga mwanzo mpaka mwisho bila moto, kama niliyetoka bara."

"Mimi ndiye niliyetoka bara," alisema Ngumbao.

"Ndiyo maana sikukuuliza."

Alipepea seredani mpaka makaa yakawa mekundu yote, akakishika kipete kwa koleo na kukilaza katikati. Kilipita rangi ya kahawia, kikawa cheusi, kisha kikaanza kuiva kutoka ukingoni. Kilipokuwa chekundu kote, sawasawa, alikitumbukiza kwenye kata ya maji. Kililia mara moja kikanyamaza. Weusi aliousugua kwa ndimu na chumvi ulipokwisha, kipete kilikuwa na rangi ya waridi, na alipokibana kwa vidole kilipinda bila kugoma. Alikinyoosha juu ya kioo, akakipitisha kwenye msasa pande zote mbili, akampa Ngumbao akishike.

"Kama ngozi ya sikio," alisema Ngumbao.

Mara hii Bi Shekha alipangusa uso wa tundu kwa kitambaa kikavu, halafu kwa kidole, akamwita Ngumbao naye apitishe chake. Alifunga boliti kwa vidole mpaka ikagota. Kisha akaishika spana karibu na kichwa, si mwishoni, ili nguvu isimzidi, akavuta. Alisikia kitu kikikubali chini ya mkono, kikaketi. Akaongeza robo ya mzunguko. Akaiachia.

"Hapo tu?" aliuliza Ngumbao.

"Hapo tu."

"Mimi ningeongeza."

"Najua ungeongeza."

Walirudisha oili, wakaongeza ile iliyopungua. Aliendesha tena mpaka Gongoni na kurudi, taa za gari zimewashwa. Ngumbao alikuwa bado hapo kwenye kibao cha mbuzi. Walihesabu pamoja, kwa sauti, mpaka mia tano. Boliti ilikaa kavu. Ngumbao alifungasha spana zake, akasimama mlangoni akitaka kusema jambo la maana, akaishia kusema, "Alamsiki, Bi Shekha."

"Binuru. Na ukirudi gerejini, kila gari ulilobadilisha oili tangu mwezi wa tisa, pitisha kidole."

"Nitaanza na la imamu."

"Hilo lianze kweli."

Kabla ya kuingia ndani alitandika boksi jipya, akaliwekea jiwe kila pembe.

Jumamosi Swafwan alitoka msikitini akaja moja kwa moja, akiwa amekunja kanzu mpaka magotini na kuwasha tochi ya simu. Bi Shekha alikuwa ameshaamka, anafunga viungo kwenye ndoo. Hakwenda kumsimamia. Swafwan alilivuta boksi, akalimulika upande huu na upande huu, akalipapasa. Hakuridhika. Aliingia chini ya gari na kanzu yake nyeupe, akapitisha kidole kuzunguka boliti, akatoka akakitazama chini ya mwanga. Kilikuwa na vumbi tu.

"Umepangusa," alisema.

"Sijagusa."

"Hata mara moja?"

"Nilitamani. Sijagusa."

Swafwan alizima tochi. "Hii ni leo. Na mwezi ujao?"

"Mwezi ujao njoo na tochi yako. Sasa mpigie mtu wako wa Ganze asisumbuke, halafu ushike mkono wa hiyo sufuria, mimi nashika huu."

Alipiga simu pale pale, akaongea kwa ufupi, akasema samahani mara mbili. Kisha akashika sufuria. Walipakia zote nne, kubwa kwanza, na miko, na ndoo za viungo, na Swafwan akajipangusa mgongo wa kanzu kwa mkono, akaeneza mchanga uliokuwa sehemu moja ukawa kila mahali. Bi Shekha alipima oili kwa kijiti, akakifuta, akapima tena. Saa kumi na mbili na dakika kumi aliwasha gari, akangoja taa nyekundu izime, akarudi nyuma polepole mpaka barabarani, akashika njia ya Malindi.